Mama amekwishanunua kanga, baba hataki kusikia safari

*Shikamoo Shangazi. Nafanya kazi Dodoma, wazazi wangu wako Masasi. Baba ana miaka 76, alipata kiharusi mwaka juzi. Anatembea kwa mkongojo na mguu wa kushoto anauburuta. Mama ana sukari na magoti yanamsumbua. Nina likizo mwezi wa nane, nataka kuwapeleka Kilwa siku tatu nne, mama akaone magofu anayoyasikia redioni. Mama amekwishanunua kanga. Baba amekataa katakata, anasema tumwache afie kwake. Kaka zangu wanasema hela hizo bora ziende kwenye dawa. Nifanyeje? – Binti wa Masasi*

Marahaba, mwanangu. Umenieleza mguu wa baba na mkongojo wake, ila hukusema nani anamsaidia akienda msalani. Nadhani sababu ya kukataa kwake iko hapo. Nyumbani yupo mama, na ukuta wa kushika anaujua hata gizani. Safarini anajiona na binti yake mlangoni pa choo, na mzee wa kwetu yuko radhi ashinde na njaa kuliko aibu hiyo. Simlaumu hata kidogo. Mchukueni mjukuu wa kiume, kijana mwenye nguvu za kumwinua na aliyezoea kutaniana na babu yake. Akimfunga msuli watacheka wawili, yataishia hapo. Na huyo kijana ndiye akamwombe babu wasafiri pamoja. Wewe kaa kimya kwanza.

Hilo neno la kufia kwake nalo usilipuuze. Wazee wengine wakiona mtoto katoka mbali anawapeleka mahali pazuri, hudhani wanaagwa. Mtajie siku ya kurudi, na kwamba atakuwa shambani kwake kabla korosho hazijaanza kudondoka.

Kilwa iache, ingawa najua mama atasononeka. Kutoka Masasi ni zaidi ya kilomita 300, na ukishafika Kilwa Masoko magofu bado yako ng'ambo, kisiwani. Mtapanda chombo, na kupanda na kushuka na mkongojo si mchezo. Halafu kuna mwendo wa miguu hadi Msikiti Mkuu, na Husuni Kubwa iko mbele zaidi. Wazazi wako wataishia kukaa kivulini wakiwasubiri nyinyi.

Wapeleke Mikindani. Ni karibu kilomita 200, lami, mnapita Ndanda, Nyangao na Mtama hadi Mnazi Mmoja, hapo mnashika kulia njia ya Mtwara. Mji ni wa kale, una milango ya nakshi na Boma la Wajerumani la mwaka 1895; ndiko alikopitia Livingstone mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho. Barabara inaambaa na ghuba, kwa hiyo mama atayaona mengi akiwa kwenye kiti cha gari. Boma liko mlimani, litazameni kwa chini, inatosha. Mtwara mjini si mbali, kama kilomita 10, na hospitali ya Ligula iko huko.

Tafuta siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari hupwa sana asubuhi, mzee akaachwa anatazama matope. Maji mafu hayaendi mbali, na mida ya saa nne asubuhi huwa yamejaa karibu na anapokaa. Upepo wa kusi unavuma mwezi huo, mbebee sweta.

Gesti usiichague kwa picha za bahari. Piga simu, mwombe mhudumu akuonyeshe kwa video mlango wa chumba, ngazi kama zipo, na choo. Kiwe cha kukaa, kiwe ndani ya chumba, chumba kiwe cha chini. Uliza kama sakafu ya bafu inateleza, na omba kiti cha plastiki cha kuogea. Akikujibu "usijali, tutasaidiana" bila kukuonyesha, piga kwingine.

Kabla ya kuondoka, baba amwone daktari wake. Dawa zao zikae kwenye mkoba wako, zisiende kwenye buti. Wazee wengi huruka dawa ya presha siku ya safari wakiogopa kukojoa njiani. Usikubali, simameni kila saa, anyooshe mguu. Mama ale kwa wakati wake, awe na kitu kitamu karibu sukari ikishuka, na asitembee peku mchangani: mwenye sukari anaweza kuungua au kujichoma asihisi. Mdomo wa baba ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakimpotea, ni hospitali papo hapo, hata kama ni usiku.

Kaka zako usiwaombe shilingi, wala usibishane nao. Hela ni yako, na dawa za baba hazijakosekana kwa sababu ya siku tatu za Mikindani. Waombe gari, au waombe huyo kijana.

Na baba akikataa hata baada ya mjukuu kumwomba, mwache. Kaka mmoja aje alale naye hizo siku, mjukuu abaki hapo hapo, nawe uondoke na mama pamoja na dada yake. Mama amemuuguza mumewe tangu mwaka juzi, na barua yako nzima haina mstari unaouliza yeye amechoka kiasi gani. Muulize mkiwa barabarani.