Aliyeshika Daftari Anatazama Mpira wa Kwanza

Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza wanaofika kwenye mchujo wa timu ya mpira wa wavu hukimbilia foleni ya kupiga smashi, yaani pigo kali la kuushusha mpira upande wa pili, kwa kuwa smashi ndiyo inayoshangiliwa. Nami nilifanya hivyo. Nilipiga mbili zikatoka nje, ya tatu nikagusa wavu, na jioni ile jina langu halikusomwa. Mwaka uliofuata nilichaguliwa, na baadaye nikamsaidia mwalimu wa michezo kuchuja wengine kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Huko ndiko nilikojua kwamba aliyeshika daftari hutazama zaidi mpira wa kwanza.

Timu ina miguso mitatu ya kuurudisha mpira upande wa pili. Mguso wa kwanza ukiharibika, anayepaswa kumtengea mpigaji hulazimika kuufukuza mpira nje ya mstari, na hata mpigaji hodari hubaki hana cha kupiga. Kwa hiyo, wadogo zangu, sehemu kubwa ya maandalizi yenu iwe kupokea. Unganisheni mikono, nyoosheni viwiko, na mpira uguse sehemu bapa ya vigasha, juu kidogo ya vifundo vya mikono, wala usiguse vidole gumba. Nguvu itoke kwenye magoti yanayokunjuka, si kwenye mikono inayorushwa juu. Ukuta wa darasa unatosha kwa zoezi hili, ingawa ni vyema kuomba ruhusa na kuchagua upande usio na madirisha. Hata hivyo, ukuta haufundishi miguu, hivyo mtafute mwenzako akurushie mpira kushoto na kulia, hatua mbili tatu kutoka uliposimama, nawe ufike mahali pake mapema, utulie, ndipo uupokee. Anayepokea huku bado anakimbia hutambulika mara moja, kwa sababu mpira wake huenda kokote.

Kuanzisha mpira ni zoezi ambalo mtu anaweza kulifanya peke yake, na nashangaa ni wangapi hawalifanyi. Kila nusu ya uwanja ina urefu wa mita 9, na baada ya filimbi mna sekunde 8 za kupiga, muda unaotosha kuvuta pumzi na kuchagua pa kuupeleka mpira. Kama mpira wa kupigwa juu ya kichwa bado unakwama wavuni, anzisheni kwa chini bila aibu, kwani mpira usiovuka huwapa wapinzani pointi ya bure.

Wafupi husikitishwa na wavu wenye urefu wa mita 2.43 kwa wavulana na 2.24 kwa wasichana. Lakini tangu 1998 kanuni za kimataifa zimekuwa na nafasi ya libero, mchezaji wa nyuma mwenye jezi ya rangi tofauti, ambaye haruhusiwi kuzuia wavuni na kazi yake kuu ni kupokea na kuokoa. Mwambieni mwalimu mapema kwamba mnaitaka nafasi hiyo.

Jambo la mwisho ni sauti. Katika mchujo mmoja, wasichana wawili waliokuwa wakipokea vizuri kuliko wote waliuacha mpira udondoke katikati yao, kila mmoja akimtazama mwenzake. Msichana wa tatu, ambaye mikono yake ilikuwa bado migumu, aliita "Wangu!" kila mpira ulipomwelekea, na mwalimu akaniuliza jina lake kabla zoezi halijaisha.