Usilipe kabla hujaona mgongo wa picha

Mkuu, unauliza picha ipi ya Kijapani inafaa sebuleni, ya theluji au ya maua ya micheri? Ishike hela yako kwanza. Muuzaji anakwambia hekalu la Zojoji la Tokyo kwenye theluji ni chapa ya ubao ya 1925, yaani picha iliyochapwa kwa mkono kutoka kwenye ubao uliochongwa, imekaa kwenye fremu ya babu yake, na advansi anaitaka leo? Hiyo hadithi ya babu mimi niliinunua kwa pauni 480.

Yangu ilikuwa hiyohiyo ya Kawase Hasui, msanii wa Kijapani: lango jekundu, theluji ya upepo inakuja kiupandeupande, mama kajikunyata nyuma ya mwavuli. Mwaka upo kwa Kijapani, Taisho 14, yaani 1925. Nikajiona profesa. Kumbe mwaka unachongwa kwenye ubao, kwa hiyo kila nakala inao, hata ya feki. Nikamwomba jamaa afungue fremu. "Karatasi imezeeka, itachanika." Na mimi nikaionea huruma karatasi! Tapeli mwenye sauti ya upole, Mungu anamwona.

Miezi minne baadaye kioo kikapasuka, ikabidi nifungue. Mgongo mweupe pee, kama sahani ya harusi. Nikachukua lenzi: lile lango ni vitone vitupu, kama picha ya kalenda. Mashine. Mke wangu akauliza kama babu naye alikuwa na mashine.

Chapa ya ubao haiwi hivyo. Karatasi ya maganda ya mforsadi inalowanishwa kidogo, inalazwa juu ya ubao wenye rangi ya maji, halafu mchapaji anaisugua mgongoni kwa baren, kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi. Rangi inazama. Ukigeuza unaliona lango kwa nyuma, limefifia kama doa la chai kwenye kitambaa, na pengine alama za mduara za mkono wake.

Kwa hiyo mgongo, mkuu. Picha ya mgongo, nje ya fremu, mwanga wa mchana. Akigoma, sepa. Ndiyo, najua mtakuja kusema mbao za Hasui ziliendelea kuchapwa hata baada ya yeye kufa 1957, na umri unasomwa kwenye mihuri ya mchapishaji. Sawa. Ila hapo tutakuwa tunabishania umri, si kalenda.

Uliuliza nini tena? Sebuleni ipi inafaa, ya theluji au ya maua ya micheri? Sijui, yangu iko stoo. Tupia mgongo hapa tuuone.