Msomaji anauliza: Baba mdogo kapewa udaktari wa heshima, tumwite Dokta?

SWALI: Dada shikamoo. Baba mdogo kaitwa hotelini kupewa udaktari wa heshima, wamemtoza hela ya joho na ada ya usajili, karudi na cheti cha muhuri wa dhahabu na kibao cha ofisini kishabadilishwa kinasoma Dkt. Ni kweli kasomesha yatima wengi hapa mtaani, ila mi moyo unakataa. Ni daktari kweli? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Shahada ya heshima ni chuo kumwambia mtu asante, kazi yako tumeiona, bila darasa wala mtihani, na ni mambo ya zamani maana chuo cha Oxford kule Uingereza walishampa Lionel Woodville, shemeji wa mfalme wao, tangu karne ya 15. Kawaida jina linapendekezwa, linachambuliwa na vikao vya chuo mpaka lipitishwe, halafu siku ya mahafali wasifu wa mtu unasomwa mbele ya watu wote ndo anatunukiwa, na halipii hata senti. Wakishaomba ada hiyo ni biashara jamani, wamemuuzia mzee wetu karatasi na imeniuma.

Maana heshima yenyewe watu wanaipigania. Mwaka 1985 walimu wa Oxford walipiga kura 738 kwa 319 kumnyima Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza aliyesoma hapohapo, kisa serikali yake kubana hela za elimu. Chuo cha Edinburgh, Scotland, nao walimpa Mugabe wa Zimbabwe mwaka 1984, wakamvua 2007.

Hiyo Dkt. sasa. Hata ikitoka chuo cha kweli, kwenye CV unaandika shahada ya heshima na chuo kilichokupa, huichanganyi na PhD ya mtu aliyekesha miaka na tasnifu. Nyerere alisoma Edinburgh, mwaka 1962 wakampa udaktari wa heshima, na sisi mpaka leo tunamwita Mwalimu.

Usimwaibishe mbele ya watoto. Kaa naye jioni mkiwa wawili, akuonyeshe cheti, mtafute wote jina la hicho chuo, na kama hamlioni ulizeni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama kinatambulika. Kisipotambulika, kibao atakishusha mwenyewe. Na wale yatima aliowasomesha, si wengine wameshakuwa watu wazima? Waiteni siku moja waje nyumbani, kila mmoja asimame aseme baba mdogo alimfanyia nini.