Barua kwa mwanangu: kupona kwa mgonjwa hakutoshi kuwa ushahidi

Mwanangu,

Huku nyumbani hatujambo. Umeniuliza kuhusu mgonjwa wa homa aliyepimwa hapo zahanati kwa kipimo cha haraka, majibu yakaonyesha hana malaria, ukampa dawa mseto ya malaria hivyo hivyo, na siku ya tatu akaja mzima. Unataka kujua kama kipimo ndicho kilichokosea.

Huenda, lakini kupona kwake hakukuambii hivyo. Homa nyingi za virusi huisha zenyewe kwa siku chache, na dozi ya mseto ni siku 3. Homa ikiisha siku ya kumaliza vidonge, sifa zote hupewa vidonge.

Chora msalaba kwenye karatasi upate vyumba vinne: waliopewa mseto wakapona, waliopewa wasipone, wasiopewa wakapona, wasiopewa wasipone. Wewe umejaza chumba kimoja tu. Tuseme waliopewa, 9 kati ya 10 walipona. Kama na wasiopewa wamepona 9 kati ya 10, mseto haukuongeza kitu. Basi chukua namba za simu za wote wenye kipimo hasi uliowatibu kwa kufuata mwongozo, bila mseto, uwapigie siku ya 3 na ya 7. Hapa ndipo watumishi wengi wanapopotea: anayerudi kushukuru hukumbukwa, asiyerudi huhesabiwa amepona, kumbe amelazwa kwingine.

Gharama ya kumtibu malaria asiye nayo ni kubwa, mwanangu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania uliwaangalia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062 tu. Wasio na vimelea ndio waliokufa zaidi, takriban 12 kwa kila 100, na wenye vimelea takriban 7 kwa kila 100. Ugonjwa wao ulikuwa mwingine, na baadhi yao hawakupata dawa ya kuutibu.

Kabla hujakilaumu kipimo, angalia kilivyofanywa. Damu iwe mikrolita 5, si tone la kukisia. Idadi ya matone ya maji ya kipimo na dakika za kusubiri hutofautiana kwa aina, kwa hiyo soma kijikaratasi cha kila boksi. Mara nyingi ni dakika 15 au 20. Ukisoma mapema, mstari hafifu hujauona bado; ukichelewa sana, unaweza kutokea mstari wa uongo. Mstari wa C, unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, usipojitokeza, tupa upime upya. Wa T, unaoonyesha malaria, ukitokea, hata ukififia, ni chanya.

Chanya nayo ina mtego wake. Vipimo vingi hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, nayo hubaki damuni wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Aliyemaliza dozi juzi mpime kwa hadubini.

Na nakusihi, kipimo cha malaria kikiwa hasi usikimbilie Widal moja, kile kipimo cha damu cha taifodi, ukaandika taifodi. Hilo ni kosa lile lile kwa jina jingine. Mtoto akiwa anakohoa au anapumua kwa shida, mfunue kifua, uhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi chini ya 5, mtibu nimonia. Pima mkojo, tazama masikio na shingo. Homa isipoisha, mama amrudishe, upime malaria upya.

Mama yako