Kitabu cha picha, kitazame ukiwa benchi la mwisho

Septemba ikikaribia, walimu wenzangu wa maternele hunisimamisha njiani na swali lile lile: tuna fedha kidogo, tununue vitabu gani vya picha? Nimefundisha watoto wa miaka mitatu hadi mitano hapa Goma kwa muda mrefu, na siwajibu kwa kuwatajia jina la kitabu. Nawaambia hivi: kisimamishe mezani mbele ya darasa, kifungue katikati, tembea mpaka benchi la mwisho, kisha geuka utazame. Ukiona kutoka pale ni nani yuko kwenye picha na anafanya nini, endelea kukifikiria. Usipoona, kiache, hata kama kila mtu anakisifu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi vya picha vimetengenezwa kwa ajili ya mtoto mmoja aliyepakatwa na mama yake. Rangi zake ni laini, na mchoraji amemficha panya nyuma ya pazia ili mtoto amtafute kwa kidole. Ni kazi nzuri sana, lakini sisi tuna watoto hamsini, pengine sitini, kwenye chumba kimoja. Kuta ni za mbao, umeme mara nyingi hakuna, na mwanga unaingia kwa mlango na dirisha moja. Mita tatu tu kutoka ulipo, rangi hafifu zimeshapotea, na picha za usiku ni weusi mtupu. Karatasi inayong'aa nayo ina taabu yake: watoto wa upande mmoja wanaona mng'ao peke yake. Ukiwa na kitabu cha karatasi hiyo, usielekee mlango moja kwa moja, na ukiinamishe kidogo kuelekea chini.

Kwa hiyo tafuta mistari minene, watu na wanyama wakubwa ndani ya ukurasa, na nafasi tupu ya kutosha pembeni mwao. Angalia pia kama miili imekamilika. Wachoraji wengi hupenda kumkata mtu kwenye ukingo wa ukurasa, na mtoto wa miaka mitatu ataiacha hadithi nzima ili aulize: "Madamu, miguu yake iko wapi?" Usimkaripie. Yeye anaisoma picha kwa makini kuliko sisi tunaokimbilia maneno.

Vile vitabu vya mambo madogo madogo visitupwe. Viweke kwenye mkeka pembeni, watoto wanne au watano wakae navyo wakati wengine wanachora. Kila kitabu kina mahali pake. Tatizo letu ni kukipeleka cha mkekani mbele ya darasa zima, halafu tunashangaa kwa nini watoto wa nyuma wanasukumana.

Jaribio linalofuata ndilo ninalolipenda zaidi. Chukua karatasi, funika maneno yote, pitisha kurasa moja moja. Hadithi inaendelea? Katika umri huu hakuna anayesoma herufi, picha ndizo maandishi yao. Kama bila maneno hujui kilichotokea kati ya ukurasa huu na unaofuata, watoto nao hawatajua, watabaki kusikiliza sauti yako tu. Na kuna vitabu ambavyo picha inajua zaidi ya maneno. Maneno yanasema bibi amelala salama. Picha inaonyesha mbuzi ameshaingiza kichwa jikoni. Hapo darasa zima linasimama: "Bibi, amka! Mbuzi huyo!" Mwalimu anajifanya hajaona, anaendelea kusoma kwa utulivu, na wao wanazidi kumweleza, wakitafuta maneno ya kumsadikisha. Mtoto ambaye tangu asubuhi hajafungua kinywa anajikuta ametamka sentensi nzima. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani, Grover Whitehurst, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu usomaji wa namna hii, ambapo mtu mzima anauliza na mtoto ndiye anayesimulia. Watoto waliosomewa hivyo walisonga mbele katika kusema kuliko waliosomewa kwa kawaida. Kitabu cha mbuzi jikoni kinaifanya kazi hiyo hata kama hujawahi kusikia habari za Whitehurst.

Sasa lugha, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Vitabu vingi vinavyotufikia Goma ni vya Kifaransa, vingine vimetumika Ulaya vikaja kwenye maboksi ya misaada. Usivikatae kwa sababu hiyo. Kama vimeshinda kwenye benchi la mwisho na kwenye karatasi ya kufunika, vichukue, uvisimulie kwa Kiswahili. Wazazi wengine watalalamika kwamba wamelipa karo ili mtoto ajue Kifaransa. Waeleze kwa upole kwamba sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Waeleze pia kwamba mtoto aliyekwisha kuielewa hadithi atayapokea maneno ya Kifaransa kwa urahisi ukiirudia wiki ijayo, kwa kuwa anajua yanazungumzia nini.

Lakini usitafsiri ukiwa umesimama mbele yao. Sentensi zinakatika, unarudi nyuma, macho yako yanabaki kitabuni. Kaa nyumbani jioni, andika sentensi moja au mbili kwa kila ukurasa, kwa Kiswahili hiki tunachozungumza hapa, zisome kwa sauti, punguza. Kisha bandika karatasi hiyo nyuma ya jalada. Unaposhika kitabu kikiwaelekea watoto, maneno yako yanakuelekea wewe.

Ukiwa na intaneti na mahali pa kuchapisha, kuna African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ambao tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Hadithi zake za picha ni za bure, nyingi ziko kwa Kiswahili, na leseni inaruhusu kuzibadilisha ili zifae darasa lako, mradi uwataje waandishi na wachoraji. Kiswahili chake mara nyingi ni cha Kenya: watu wanakula ugali na sukuma wiki. Mimi naweka bugali na sombe, yaani majani ya muhogo, hadithi inaendelea vizuri. Ila usizichapishe ndogo ili kuokoa karatasi. Picha ya nusu ukurasa haifiki benchi la mwisho. Afadhali hadithi moja kubwa kuliko nne za kukunja mfukoni.

Na pale ambapo hakuna fedha kabisa, tengeneza. Don Holdaway, mwalimu wa New Zealand, aliandika mwaka 1979 juu ya kusoma pamoja na darasa zima kwa vitabu vilivyokuzwa, ili kila mtoto aone ukurasa kama vile amekaa karibu na mzazi. Wajapani walikuwa na njia nyingine, kamishibai: katika miaka ya 1930 wasimulizi walizunguka mitaani na baiskeli zilizobeba fremu ya mbao yenye kadi za picha, na maneno ya picha inayoonekana yaliandikwa mgongoni mwa kadi iliyo nyuma kabisa, upande wa msimulizi. Katika mji wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, kama huu wetu sioni kwa nini tushindwe. Kata maboksi ya maziwa au ya sabuni, bandika karatasi nyeupe, chora kwa kalamu nene nyeusi, jaza rangi mbili au tatu. Kadi nane zinatosha. Mama anarudi ziwani na bidoni la maji, chukudu iliyobeba sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, inakata breki kwenye mteremko, sambaza zimemwagika, paka anafika wa kwanza: hadithi hiyo naisimulia kila mwaka na watoto wanaidai tena kesho yake.

Kuhusu theluji na majumba ya Ulaya, walimu wengi wanasema vitabu hivyo havifai kwetu. Sikubaliani nao kabisa. Mtoto wa Ndosho, mtaa wa hapa Goma, anamwelewa vizuri mtoto yeyote anayehangaika kuvaa viatu, anayekataa kulala, anayemwonea wivu mdogo wake. Kinachomchosha ni kitabu kisicho na tendo analolijua, hata kama wahusika wake ni Waafrika. Kinachonisumbua mimi ni kingine: kitabu kinachotuonyesha tukiishi daima kwenye kibanda cha nyasi katikati ya simba. Watoto wangu wanalala chini ya bati, wanavuka barabara yenye pikipiki, wanaona volkano yetu, Nyiragongo, ikiwa nyekundu usiku. Katika rafu yako lazima kuwe na kitabu kimoja angalau ambacho mtoto akikifungua anasema: kwetu ndivyo kulivyo.

Kuna pia habari za huzuni. Darasani kwetu kuna watoto waliokimbia na wazazi wao kutoka Masisi na Rutshuru, na kaka na dada zao wanasimulia usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ilipolipuka. Sioni kwamba tuwafiche vitabu vya mtoto aliyepotea au nyumba iliyoungua. Wao wanayajua mambo hayo na wanataka kuyasema. Lakini soma kitabu chote peke yako kwanza, hakikisha aliyepotea anapatikana kabla ya ukurasa wa mwisho, na ukisome asubuhi, kamwe si saa ya mwisho ya Ijumaa, ili mtoto akiguswa uwe na muda wa kukaa naye.

Urefu sitausemea sana. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, na hizo ni nyingi kwa watoto wa mwaka wa kwanza. Simama katikati penye swali zuri, umalizie kesho. Kitabu chenye kauli inayorudi kila ukurasa kinavumilika zaidi, kwa sababu darasa lote linaitikia pamoja na hakuna anayebaki nje.

Kwa hiyo ukiwa na fedha za kitabu kimoja, nunua chenye jalada gumu, wahusika wawili au watatu wakubwa, kauli ya kuitikia, na jambo ambalo watoto wanaliona kabla ya mwalimu. Kitilie skochi, ule utepe wa gundi, kwenye mgongo siku hiyo hiyo, kwa maana vumbi la mawe yetu na mikono sitini havisubiri. Fedha ikibaki, nunua kalamu nene nyeusi.