Sanduku la Gemu: Wasomaji wa Mtwara na Lindi Wauliza Kuhusu Modi

Barua nyingi za safari hii zimetoka Kusini, na zinaulizia jambo moja: modi za gemu za zamani za ulimwengu wazi, zile ambazo unaunda mhusika wako na kuzurura unakotaka. Modi ni nyongeza au marekebisho ambayo mashabiki huyatengeneza na kuyatoa bure. Tumejibu kwa urefu pale ambapo wengi wanakwama.

Hongereni kwa kazi. Nina kompyuta mpakato ya mtumba, i5 ya zamani, RAM gigabaiti 4, haina kadi ya picha ya peke yake. Nataka kucheza Morrowind yenye modi nzuri lakini bando langu ni dogo. Nianzie wapi? (Msomaji, Masasi)

Gemu hiyo na mashine hiyo vinaendana. Morrowind ilitoka mwaka 2002, na kwenye Windows XP ilidai RAM ya megabaiti 256 tu. Kinachosumbua leo ni uzee wa injini yake, kwa hiyo usiicheze kwa injini ya asili, yaani programu ya ndani inayoiendesha gemu. Weka OpenMW, injini iliyoandikwa upya na watu wa kujitolea, ya bure, inayosoma mafaili yaleyale ya gemu. Miongozo ya zamani itakuambia upakue Morrowind Code Patch na MGE XE. Achana navyo: ni vya injini ya asili, na kwenye OpenMW havina kazi. Hapo bando limepona.

Gemu yenyewe lazima uinunue, pamoja na nyongeza zake mbili, Tribunal na Bloodmoon, kwa sababu modi nyingi zinazitegemea. Duka la mtandaoni la GOG linauza toleo lenye zote tatu, na faili la kusakinishia ukishalipakua mara moja unaliweka kwenye diski ya nje. Siku Windows ikiharibika hulipii bando tena.

Sakinisha gemu nje ya folda ya Program Files, kwa mfano C:\Gemu\Morrowind, maana Windows huzuia programu kuandika ndani ya Program Files. Kisha sakinisha OpenMW, fungua kizinduzi chake, mwelekeze kwenye faili la Morrowind.esm, na ukubali achukue mipangilio kutoka Morrowind.ini. Cheza dakika kumi bila modi yoyote. Watu wengi wanairuka hatua hii, halafu kitu kikiharibika hawajui kama kosa ni la gemu au la modi ya tano.

Kwa modi, anza na nne. Ya kwanza ni Patch for Purists, inayosahihisha mamia ya makosa ya gemu bila kubadili ladha yake. Ya pili ni Morrowind Optimization Patch: inapanga upya maumbo ya vitu ili kadi dhaifu ya picha ipumue, na kwa mashine yako hiyo ndiyo yenye faida kuliko zote. Ya tatu ni Expansion Delay. Tribunal ikiwepo, wauaji wa kukodi wanaanza kukuvamia usingizini ukiwa bado mchanga kabisa, na ukifanikiwa kuwaua unavua silaha na mavazi ya bei kubwa yanayoharibu uchumi wa gemu nzima. Modi hii inawachelewesha mpaka uwe umekua.

Ya nne ni Tamriel Rebuilt. Gemu ya asili inakupa kisiwa cha Vvardenfell peke yake. Mradi huu, ulioanza mwaka 2001 kabla hata gemu haijatoka, unajenga bara la Morrowind lililokizunguka, kipande kwa kipande, na bado unaendelea. Miji, vyama na kazi za huko (yale majukumu anayopewa mchezaji) zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa, na sehemu nyingi zinashinda za gemu yenyewe. Sisi tunaiona kuwa kazi bora kuliko zote zilizowahi kufanywa na mashabiki wa gemu za aina hii. Ila inahitaji kifurushi kingine, Tamriel Data, na hicho ndicho kizito. Kishushe usiku kwa bando la usiku, kwa programu ya kupakua inayoweza kuendelea pale ilipokatikia.

Kwenye mipangilio zima vivuli, zima kuonyesha ardhi ya mbali, na punguza uakisi wa maji. Ukiona mambo yanakwenda, rudisha kimoja kimoja.

Nimeweka Tamriel Rebuilt kwenye OpenMW. Gemu inafunguka, lakini nikifika bara naona alama kubwa za mshangao mahali pa nyumba, na vitu vingine vimekuwa vya waridi kali. (Msomaji, Lindi Mjini)

Alama ya mshangao maana yake injini imeambiwa iweke kitu, ikalitafuta umbo lake ikalikosa. Waridi maana yake umbo limepatikana ila picha ya kulivika haipo. Kwa hiyo mafaili ya Tamriel Data hayasomwi, ingawa plagini yake, faili la .esm linaloipa gemu orodha ya vitu vya modi, imewekewa tiki.

Kwanza angalia folda uliyoisajili kwenye Data Files, ndani ya kizinduzi cha OpenMW. Lazima iwe ile ambayo ukiifungua unaona papo hapo Meshes, Textures au faili la .esm. Vifurushi vingi vimefungwa kwa folda zenye namba, 00 Core, 01 na kuendelea. Ukisajili folda ya nje, OpenMW haizami kukutafutia. Sajili 00 Core yenyewe. Zile za namba za juu mara nyingi ni za hiari, zisome kwanza.

Kama hapo pako sawa, fungua sehemu ya Archive Files na uyatie tiki mafaili ya BSA yaliyokuja na Tamriel Data. BSA ni kama gunia lililoshonwa: lipo ghalani, lakini bila tiki halifunguliwi. Mwisho linganisha matoleo. Kila toleo la Tamriel Rebuilt linataja toleo la Tamriel Data linalolihitaji, na ukichanganya jipya na la zamani utapata mashimo hayohayo. Kwenye orodha, Tamriel_Data.esm ikae juu ya TR_Mainland.esm.

Gemu inaanza vizuri, lakini baada ya dakika ishirini hivi inaanza kusita. Nikizima na kusubiri, inarudi sawa. Ni modi gani inasababisha? (Msomaji, Mikindani)

Ni nadra modi kusubiri dakika ishirini. Hiyo ni dalili ya joto: prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Na kwa mtu anayekaa pembeni ya bahari ni jambo la kutarajia. Hewa ya chumvi inavuta unyevu, unyevu unagandisha vumbi kwenye mapezi ya shaba yaliyo mbele ya feni, mpaka linakuwa kama blanketi jembamba. Kupuliza kwa nje hakulitoi. Mpelekee fundi afungue, asafishe kwa brashi laini, abadilishe na dawa ya joto iliyo juu ya prosesa, maana kwenye mashine ya mtumba mara nyingi imekauka ikawa unga.

Wakati unangoja fundi, weka kikomo cha fremu (picha zinazochorwa kwenye skrini) 30 kwa sekunde kwenye kizinduzi cha OpenMW. Bila kikomo, mashine inajichosha kuchora fremu ambazo jicho lako halizihitaji. Usiiweke juu ya kitanda au mto.

Nina Skyrim Special Edition. Juzi nilitoa modi mbili katikati ya mchezo, halafu umeme ukakatika wakati gemu inasevu. Sasa sevu haifunguki. Na SKSE inasema toleo si sahihi. (Msomaji, Nachingwea)

Pole. Hayo ni matatizo matatu, tuyatenganishe.

SKSE, ile programu ndogo ambayo modi kama SkyUI haziendi bila yake, imefungamana na toleo kamili la gemu. Gemu ikijisasisha, SKSE ya jana haifai. Bofya SkyrimSE.exe kwa kitufe cha kulia, fungua Properties kisha Details, usome namba. Ukiona 1.5.97, unataka SKSE 2.0.20. Ukiona 1.6.640, unataka 2.2.3. Ukiona 1.6.1170, unataka 2.2.6. Kisha badilisha na Address Library, modi ambayo modi nyingi za SKSE zinaitegemea, iendane. Kwenye Steam weka gemu ijisasishe pale tu unapoizindua, na wewe uzindue kwa skse64_loader.exe siku zote.

Kutoa modi katikati ni kosa zito zaidi. Modi yenye skripti, yaani maagizo ya programu, inaandika hali yake ndani ya sevu. Ukiitoa, sevu inabaki ikiita skripti ambazo hazipo, na madhara yanaweza kuchelewa hata saa nyingi za mchezo. Usitafute programu za kusafisha sevu. Rudisha modi zile mbili, kisha ufungue sevu ya nyuma zaidi. Modi za picha tupu unaweza kuzitoa wakati wowote. Zenye kazi, vijiji au uchawi mpya, amua kabla ya kuanza na ubaki nazo.

Ile iliyokatwa na umeme imekwisha, haitengenezeki. Kuanzia leo usitegemee sevu ya haraka inayojiandika juu ya ileile. Sevu kwa mkono, kila mara mpya, na kila baada ya siku chache nakili folda ya sevu kwenye flashi. Kila sevu ina mafaili mawili, la .ess na la .skse. Yanakwenda pamoja, ukinakili la kwanza pekee, modi zinasahau mipangilio yake.

Tumia Mod Organizer 2. Inaweka kila modi kwenye folda yake bila kuigusa folda ya gemu, hivyo kuona nani anagombana na nani ni rahisi.

Fallout: New Vegas yangu inajitoa kila baada ya muda. Niliambiwa niweke modi hamsini za kurekebisha. (Msomaji, Newala)

Sita zinatosha kuanzia. Gemu ya mwaka 2010 hiyo ni ya biti 32 na kwa kawaida inaona gigabaiti 2 tu za kumbukumbu, zikijaa, inajitoa. Endesha FNV 4GB Patcher, weka xNVSE, JIP LN NVSE, JohnnyGuitar NVSE, New Vegas Tick Fix, kisha YUP ya kusahihisha makosa ya kazi. Mtu akikushauri NVSR, hiyo ni ya zama zilizopita na inagongana na Tick Fix, usiiweke.

Inawezekana kwenye simu? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Morrowind ndiyo. Kuna OpenMW ya Android, na unanakili folda ya Data Files kutoka kwenye kompyuta. Anza na Patch for Purists pekee, na tafuta kidhibiti cha Bluetooth, kwa sababu batani za kwenye skrini zinafunika maandishi.

Shikamooni. Mimi ni mwalimu. Morrowind ina maandishi mengi kuliko sauti. Je, naweza kuitafsiri kwa Kiswahili ili vijana wangu waicheze? (Msomaji, Mtwara)

Marahaba, Mwalimu. Inawezekana, na barua yako imetufurahisha kuliko zote. Herufi za Kiswahili zote zimo kwenye fonti za gemu. Kwa ng' tumia alama ya mkato iliyonyooka, si ile iliyopinda.

OpenMW inakuja na kihariri chake, OpenMW-CS. Tengeneza nyongeza mpya inayotegemea Morrowind.esm, itahifadhiwa kama faili la .omwaddon, na mafaili ya asili hayaguswi. Anza na vitabu. Utakuta maandishi yamezungukwa na alama kama <DIV> na <FONT>. Ziache kama zilivyo. Na kila kitabu kimalizike kwa <BR>. Ukiisahau, aya ya mwisho haionekani kabisa, na utadhani hukuihifadhi.

Mazungumzo ndiyo yenye mtego, na mtego huo unatokana na lugha yetu. Mhusika akitamka neno ambalo ni jina la mada, injini inaligeuza kuwa kiungo na kuiingiza mada kwenye orodha yako. Inalinganisha kuanzia mwanzo wa neno. Kiingereza kinaongeza wingi mwishoni, kwa hiyo mambo yanakwenda. Sisi tunabadili mwanzoni: mada ikiitwa «mganga», sentensi yenye «waganga» haiifungui, na mchezaji anakwama bila kujua kwa nini. Toleo la Kirusi lilikutana na tatizo la namna hii likabeba mafaili ya pembeni ya kuunganisha maumbo ya maneno.

Jina la mada ndilo pia kitambulisho chake, na skripti na modi nyingine zinaliita hivyohivyo, kwa hiyo ukilibadilisha Tamriel Rebuilt itavurugika. Yaache majina ya mada kwa Kiingereza, tafsiri majibu, na katika kila jibu ambalo lilikuwa na kiungo andika AddTopic pamoja na jina la mada kwenye sehemu ya matokeo. Orodha ya upande wa kulia itabaki ya Kiingereza, lakini hakuna kazi itakayokwama.

Jaribu na kijiji cha kwanza peke yake, Seyda Neen. Anza gemu mpya, zungumza na Fargoth kuhusu pete yake iliyopotea, na ulinganishe orodha ya mada unazopata na ile ya gemu isiyotafsiriwa. Ikipungua hata moja, rudi kwenye jibu hilo kabla ya kusogea Balmora.