"Charge" si shtaka tu: barua ya benki, hati ya mahakama na betri ya simu

SWALI: Mwalimu, salaam. Mzee jirani yangu hapa Kitale amepokea barua ya benki kwa Kiingereza, akaniletea nimsomee. Mwanzoni imeandikwa "charge over your land", katikati kuna "bank charges", na chini imetiwa saini na "officer in charge". Kamusi ya simu ilinipa "shtaka", nami nikamwambia shamba lake limeshtakiwa. Tangu jana hali wala halali. Neno hili lina maana ngapi, na visawe vyake ni vipi?

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya mambo ya kamusi, rudi kwa mzee leo hii umwambie hakuna aliyeshtakiwa. "Charge over land" ni rehani. Shamba limewekwa kuwa dhamana ya mkopo, na rehani hiyo imesajiliwa.

Kiingereza kina neno jingine la jambo hilihili, "mortgage", ambalo kwa asili yake lilimaanisha kwamba umiliki unahamia kwa mkopeshaji mpaka deni liishe. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 imechagua "charge" na kutamka wazi kwamba ni dhamana tu. Haihamishi haki ya mwenye shamba kwenda benki. Kwa hiyo usimwambie mzee kwamba shamba "limekuwa la benki". Ni lake, ila lina deni juu yake. Tanzania, katika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, walibaki na "mortgage", na kwa Kiswahili pande zote mbili tunasema rehani. Mimi hupenda "rehani" kuliko "dhamana" kwenye nyaraka, maana dhamana ni pia ile anayopewa mshtakiwa ili akae nje ya rumande, na msomaji mwenye hofu huchanganya haraka.

Sasa isome barua tena, taratibu. Ikiwa inasema malipo yamechelewa, tafuta idadi ya siku. Sheria hiyo inaitaka benki impe mdaiwa muda usiopungua siku 90 kulipa kilichochelewa, na baadaye, ikiamua kuuza, itoe notisi nyingine ya siku zisizopungua 40. Kama ni nyumba ya ndoa, rehani haisimami bila ridhaa ya mwenzi. Haya ndiyo ya kumpelekea wakili mapema, wala si ya kusubiri msimu wa mavuno.

Nikirudi kwenye neno lenyewe: chimbuko lake ni Kilatini "carrus", gari la kukokotwa, na kitenzi chake "carricare", kupakia gari. Wafaransa wa kale wakakifanya "chargier", Waingereza wakakipokea. Maana ya msingi, basi, ni kutwika mzigo. Hapo utaona jinsi maana zilivyogawanyika: mzigo juu ya ardhi ni rehani, juu ya jina la mtu ni shtaka, juu ya mfuko wake ni malipo, juu ya mabega yake ni jukumu, ndani ya mzinga ni baruti, ndani ya betri ni umeme. Ukiniuliza zina idadi gani, kila kamusi itakupa hesabu yake. Za kujua kwa kazi ya kila siku ni hizo.

Kosa la wengi ni kutafuta kisawe cha "charge" kabla ya kutazama kineno kinachokaa kando yake. Hicho ndicho kinachoamua. Ukiona "charged with" likifuatiwa na kosa, mtu ameshtakiwa. Likifuatiwa na kazi, amekabidhiwa jukumu. "Charge for" ni kutoza. "Charge to" ni kuandika deni kwenye akaunti fulani. "Charge at" ni kumrukia au kumvamia mtu. "Charge over" ni rehani. Na kuna mtego mmoja mdogo unaowanasa hata wazoefu: "in charge of" na "in the charge of". Muuguzi aliye "in charge of" mtoto ndiye mlezi. Mtoto aliye "in the charge of" muuguzi ndiye anayelelewa. Kineno kimoja kimegeuza nani yuko juu na nani yuko chini.

Mahakamani ndiko ninakotaka uwe mwangalifu kuliko kote. Kiingereza kina "allegation", "accusation", "charge", "count" na "indictment", na magazeti yetu huyatia yote kwenye kapu la "mashtaka". Hayalingani. Mawili ya kwanza ni tuhuma au madai: mtu amesemwa, lakini hajafikishwa popote, naye ni mtuhumiwa. "Charge" ni shtaka: limeandikwa kwenye hati ya mashtaka, limesomwa, na mtu sasa ni mshtakiwa. "Count" ni shtaka mojamoja ndani ya hati hiyo, ndiyo maana utasikia "katika shtaka la pili". "Indictment" ni shtaka rasmi la kosa kubwa katika nchi kama Marekani na Uingereza. Kumwita mtuhumiwa "mshtakiwa" ni kumchafulia jina mtu ambaye bado hajasomewa chochote. Kwenye kesi ya madai, kama ya deni au mpaka wa shamba, hakuna mshtakiwa kabisa. Kuna mdai na mdaiwa. Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, tofauti hizi ziliacha kuwa za walimu wa lugha peke yao.

Kwenye fedha Kiswahili kina utajiri unaotosha. "Charge" la jumla ni malipo au gharama. Visawe vyake vya Kiingereza vina makazi yao: "fee" ni ada, "fare" ni nauli, "fine" ni faini, "levy" ni tozo, kama ile ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania Julai 2021. Hizo "bank charges" za mzee ziite makato, jinsi watu wanavyosema wenyewe pesa inapopungua kwenye akaunti. Ukisema "mashtaka ya benki" utamharibia usiku mwingine.

Umeme nao ulirithi mzigo. Katika miaka ya 1740, mwanasayansi Benjamin Franklin kule Philadelphia, Marekani, alipokuwa akichunguza umeme, alitumia maneno yenye harufu ya mizinga: kuujaza umeme mtungi wa kioo wa kuhifadhia umeme, kama bunduki inavyojazwa baruti. Fizikia yetu imelipokea kama chaji, chanya na hasi, na simu inachajiwa. Betri iliyoandikwa mAh 5,000 inakueleza kiasi cha chaji inachoweza kubeba, sawa na kulombi 18,000 (kulombi ni kipimo cha chaji katika fizikia). Hapa sioni haja ya kubuni neno jingine. Chaji limeshakuwa la kwetu.

Ya wanyama na vita nayapita haraka: nyati hushambulia au humvamia mtu, na tembo anayetanua masikio, akaja mbio kisha akasimama ghafla, ametishia tu. Ukikuta "charger" katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, pale kichwa cha Yohana Mbatizaji kilipoombwa, ni sahani kubwa. Kiswahili kiliandika kombe.

Aliyetia saini, yule "officer in charge", ni msimamizi au mkuu wa kitengo. Tanzania wana neno zuri ninalotamani Wakenya tulichukue: mfawidhi, kama hakimu mfawidhi na mganga mfawidhi. Lina asili ya Kiarabu cha kukabidhi mamlaka, nalo linabeba wazo la aliyekabidhiwa.

Siku mzee atakapomaliza deni, benki itatoa hati iitwayo "discharge of charge". Hilo "discharge" ni kutua mzigo. Hospitalini ni kuruhusiwa kwenda nyumbani, mahakamani ni kuachiwa, ila kwenye ardhi ni kuondolewa rehani. Mwambie asiishie kupokea karatasi na kuiweka sandukuni. Aipeleke ofisi ya usajili wa ardhi ikaandikishwe, kisha afanye upekuzi wa hati yake aone kwamba pale palipoandikwa rehani pamefutwa.